Kabla hujaamini kipimo chako cha oksitosini

Oksitosini ni homoni ya aina ya peptidi, yaani mnyororo mfupi, wa asidi amino tisa tu. Hutengenezwa kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo, kisha huingia kwenye damu kupitia sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari. Jina la "homoni ya mapenzi" limepotosha tafiti nyingi: mtu akipata namba kubwa, anatangaza kwamba washiriki wake wanaaminiana. Mara nyingi namba hiyo si ya oksitosini.

Plazma (majimaji ya damu bila seli) ya mtu mzima asiye mjamzito, ikichujwa kwanza ili kuitenga oksitosini, kwa kawaida husoma chini ya pikogramu 10 kwa mililita. Plazma ileile ikitiwa kwenye ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili, bila kuchujwa inaweza kusoma mamia, kwa sababu kuna vitu vingine kwenye plazma vinavyovuruga kingamwili za kipimo.

Chukua damu kwenye chupa ya EDTA (kizuizi cha damu kuganda) iliyopozwa kwenye barafu, yenye aprotinini ya kuzuia vimeng'enya. Usicheleweshe: homoni hii hupungua kwa nusu ndani ya dakika chache mwilini. Zungusha kwenye sentrifuji kwa nyuzi 4, kisha hifadhi plazma kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, katika vichupa vidogo vidogo ili usiiyeyushe mara mbili.

Kuchuja ndiko kwenye kazi. Changanya mililita 1 ya plazma na kiasi kilekile cha asidi ya trifluoroasetiki ya asilimia 0.1, zungusha tena, kisha pitisha majimaji yaliyobaki juu polepole kwenye katriji ya C18, mrija mdogo unaonasa peptidi, iliyolowanishwa kwa asetonitrili na kusuuzwa kwa asidi ileile. Katriji ikikauka kabla ya sampuli kuingia, peptidi haishiki vizuri na utaipoteza. Suuza, toa peptidi kwa asetonitrili ya asilimia 60, kausha, yeyusha kwa mikrolita 250 za bafa, kimiminika cha kipimo. Sasa sampuli imekolea mara nne, kwa hiyo gawanya jibu kwa 4. Kosa la kusahau kugawanya nalikuta hata kwenye kazi nzuri.

Kila mara weka sampuli moja uliyoiongezea kiasi unachokijua cha oksitosini. Kipimo kikionyesha nusu tu ya kiasi hicho, sema hivyo kwenye ripoti.

Oksitosini ya kupuliza puani, ambayo kwa kawaida dozi yake ni vizio 24 vya kimataifa, hupandisha oksitosini ya damu pia. Kupanda huko hakuthibitishi kwamba imefika kwenye ubongo. Jaribio maarufu la 2005 lililodai kwamba dozi hiyo humfanya mtu awaamini wengine zaidi lilirudiwa kwa washiriki wengi zaidi, na matokeo yaliyochapishwa 2020 hayakuonyesha athari hiyo kwa ujumla.