Lifti ipite wapi? Kukarabati jengo la kale bila kuliua

Kila projekti ya ukarabati wa jengo la kale la umma inaanza na kikao, na kikao chenyewe nakijua mwanzo mpaka mwisho. Upande huu wamekaa wale wa "usiguse kitu", upande ule wale wa "si tubomoe tujenge jipya yaishe", katikati mtu wa bajeti anaangalia saa, alafu wote wananigeukia mimi, haya mtaalamu sema. Na mimi kitu cha kwanza nachouliza huwa ni maji yanaingilia wapi. Watu wanacheka, wanadhani nakwepa swali.

Sikwepi jamani. Jengo la kale haliuliwi na uzee, linauliwa na maji, yakishaingia yanaozesha boriti, yanaita mchwa, yanapandisha chumvi ukutani, na hapo hata mkikataa kugusa kitu jengo litaanguka tu na uhifadhi wenu. Kwahiyo mabishano ya kuhifadhi ama kubadilisha siyaanzi kabla sijapanda juu ya paa nikaona mifereji imeziba na nini (majani, viota vya njiwa, mara moja kiatu), na kabla sijazunguka nje kuona ardhi imepanda kiasi gani, maana miaka na miaka watu wanamwaga kifusi na kusakafia juu ya sakafu, mpaka unakuta nje pako juu kuliko ndani na kila mvua inayonyesha inajua njia. Kurekebisha hayo ni bei nafuu na hakuna wa kupinga, ila hayapigwi picha siku ya uzinduzi, ndo maana yanaachwa mwisho.

Ngoja niwape aibu yangu. Nikiwa bado mchanga kwenye hii kazi nilipitisha lipu ya simenti kwenye kuta za chini za jengo moja la umma, kuta za mawe na chokaa, nene kama urefu wa mkono wangu. Zilikuwa zinamenyeka, mkandarasi akaniambia simenti ni imara, nikaona sawa, imara si imara. Baada ya misimu miwili ya mvua nikarudi. Kwa nje lipu safi, haina hata ufa, ila ukiigonga na kidole inalia kama debe tupu. Tukachokonoa kidogo na bisibisi, likabanduka bamba zima, na nyuma yake chokaa ya zamani imekuwa vumbi, unaichota kwa kiganja, na mstari wa unyevu ambao mwanzo uliishia magotini sasa umefika kifuani.

Kilichotokea ni hiki. Ukuta wa zamani mara nyingi hauna kizuizi cha unyevu kwenye msingi, unavuta maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia lipu ya chokaa ambayo ina vitundu vidogovidogo, yaani ukuta unalowa na kukauka, unalowa na kukauka, miaka mia na zaidi na hakuna shida. Simenti inafunga huo mlango. Maji yakikosa pa kutokea yanapanda juu kutafuta mwanya, na yale yanayokauka ndani yanaacha chumvi, chumvi inaganda kuwa fuwele, fuwele zinakua ndani ya vitundu na kuusaga ukuta kuanzia ndani wewe huoni. Tena simenti ni ngumu kuliko mawe laini na matofali mengi ya zamani, jengo likicheza kidogo kwa joto na baridi chokaa inacheza nalo, simenti inagoma, na kinachovunjika ni jiwe. Simenti ya Portland, yaani hii ya kawaida ya siku hizi, ilipata hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1824, kwahiyo jengo lolote lililosimama kabla ya hapo halikujengwa likiijua, na mengi ya baadae pia. Siku hizi kiraka changu lazima kiwe laini kuliko kile kinachozibwa, kama kuna cha kufa kife kiraka.

Haya, lifti. Nawasikia sana wenzangu wa uhifadhi wakiongea kama vile matumizi ni adui wa jengo, mimi hapo nakataa kabisa. Jengo lisilotumika hakuna anaefungua madirisha, hakuna anaeona dari imeanza doa, na siku mtu anakuja kugundua nusu ya paa iko sakafuni. Hata Mkataba wa Venice wa 1964, ule mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale ambao kwenye fani yetu bado ndio tunaurejea, unasema kulitumia jengo kwa faida ya jamii kunasaidia kulihifadhi, sharti lake ni matumizi hayo yasibadili mpangilio wala mapambo. Na jengo ambalo mtu wa kiti cha magurudumu anaishia kipandio cha kwanza cha ngazi, hilo ni la umma gani? Lifti iwepo. Tubishane ipite wapi.

Ninachofanya, nachukua mchoro wa kila ghorofa napaka rangi tatu kwa penseli. Nyekundu ni pale ambapo jengo ndio jengo lenyewe, ukumbi mkuu, ngazi kuu, dari iliyochongwa. Njano panavumilika. Kijani ni pale ambapo jengo lilishaumizwa kabla sijafika, mtu alishabomoa ukuta akaweka vyoo, alishakata sakafu apitishe bomba, kuna kibanda kilipachikwa uani hakuna anaejua kwanini. Vipya vyote navisukuma kwenye kijani, na kama havienei tunarudi kwenye orodha ya mahitaji tunaikata, hatukati jengo.

Kuna kazi moja mteja alitaka lifti ya kioo katikati ya ngazi kuu, pale kwenye uwazi ambao ngazi zinauzunguka. Kwenye kompyuta ilipendeza kweli, siwezi kusema uongo. Nikamwomba twende tukasimame palepale. Kishikio cha mbao kilikuwa kimelika upande wa ndani, vizazi na vizazi vya watu wanaoshuka wamekishika hapohapo, ukipitisha kiganja unasikia kabonde kabisa kanakuongoza mpaka chini. Akakipitisha mara mbili, akanyamaza. Lifti ikaenda nyuma palipokuwa na vile vyoo vya baadae, imesimama kwa nguzo zake yenyewe, inagusana na ukuta wa kale kwenye milango ya kuingilia tu, na siku ikichoka wataifungua bolti kwa bolti waiondoe. Nyaya na mabomba mtindo ni uleule, kabla ya kuchimba ukuta tafuta njia ambazo jengo linazo tayari, dohani isiyotumika, uwazi chini ya sakafu ya mbao. Madirisha nayo nakarabati, sibadilishi, maana mengi yameoza kipande cha chini tu, seremala anakata anaunga mbao ya jamii ileile, na kama kelele za nje ndio tatizo tunaongeza dirisha la pili kwa ndani.

Linaloniumiza kichwa kuliko lifti ni hili: tulirudishe lilivyokuwa lini? Kila mtu kikaoni ana mwaka wake kichwani. Ule mnara mwembamba wa kanisa la Notre-Dame la Paris ulioanguka kwenye moto wa tarehe 15 Aprili 2019, watu dunia nzima waliulilia kama kitu cha zama za kati, kumbe ulikuwa wa msanifu Viollet-le-Duc, wa karne ya 19, wa zamani wenyewe ulishatolewa muda mrefu kabla yake. Wakaujenga tena wa kwake huohuo na kanisa likafunguliwa Desemba 2024. Mimi naona walikuwa sawa, kiraka nacho kikikaa sana kinakuwa historia. Jengo la Reichstag kule Berlin, msanifu Norman Foster alipokuwa analiandaa liwe bunge tena, nyuma ya mabamba ya ukarabati wa miaka ya 60 yakatokea maandishi ya askari wa Kisovieti ya 1945, wameandika majina yao na walikotoka kwa mkaa na chaki. Kuna wabunge walitaka yafutwe. Mengine yakabaki, na leo mbunge anayapita akienda kazini. Ungekuwa msimamo wa "turudishe kama lilivyozinduliwa" yangepakwa rangi. Pale ambapo ushahidi umeisha na tunaanza kukisia mimi naacha wazi, naweka kitu cha sasa kinachojionyesha ni cha sasa.

Moto nauongea haraka sababu ukinipa nafasi nitalala hapa. Jengo la Mackintosh la shule ya sanaa ya Glasgow, kule Uskoti, liliungua Mei 2014, wakawa wanalirudisha taratibu kwa ufundi wa hali ya juu, Juni 2018 likaungua tena kazi ikiwa inaendelea. Mwezi Septemba mwaka huohuo Makumbusho ya Taifa ya Rio de Janeiro nayo ikateketea. Kwahiyo saiti yangu hakuna kuchomelea wala kubabua rangi kwa moto bila mtu wa kukaa hapo akitazama, na akae muda mrefu baada ya fundi kuondoka, maana cheche inaweza kulala ndani ya mbao kavu masaa. Na kabla ya nyundo ya kwanza jengo lote linapigwa picha na kupimwa kwa leza. Mkandarasi analalamika. Alalamike.

Kwa sasa niko kwenye jengo ambalo kazi yote imesimama kusubiri mraba mmoja wa lipu wa majaribio, mita moja kwa mita moja, upande wa kivuli. Mchanga tumebadilisha mara tatu mpaka ukafanana na wa zamani. Chokaa haifanyi fasta kama simenti, inajikaza polepole kwa kuvuta kaboni daioksaidi ya hewani, na ukiilazimisha inapasuka, kwahiyo fundi anakuja asubuhi na jioni anainyunyizia maji, anaifunika na magunia mabichi, anaondoka. Mteja ananipigia kila siku kuuliza imekauka. Jana nilimwambia njoo uishike mwenyewe. Kaja, kaibonyeza na dole gumba, kaacha alama.