Mhusika wa katuni kupitiliza: si lazima mwandishi awe mvivu

Mhusika wa katuni akigeuka kituko, lawama humwangukia mwandishi: kachoka, kaishiwa, anatafuta pesa tu. Mara nyingi sivyo.

Mtazame Ned Flanders wa The Simpsons, katuni ya Marekani iliyoanza 1989. Mwanzoni alikuwa jirani mwema, baba mpole, mambo yake yamenyooka. Kilichomkera Homer, mhusika mkuu anayeishi jirani naye, ni kuzidiwa naye karibu kila kitu. Dini ilikuwepo, ila kama upande mmoja tu wa utu wake. Misimu ilivyosonga, upande huo ukazimeza pande nyingine zote, akabaki mlokole wa kupindukia.

Jambo hili halihitaji mtu akae aliamue. Katuni ya miaka mingi huandikwa na wengi, na mwandishi mgeni humjua mhusika kupitia vipindi vilivyotangulia. Anachokumbuka ni kile kilichochekesha zaidi. Anaanzia hapo, anatia chumvi kidogo; anayemfuata anaanzia kwenye chumvi hiyo. Nasi watazamaji tumo, maana tunacheka kabla utani haujafika.

Tena si lazima iwe hivyo. Mickey Mouse alikwenda kinyume kabisa. Katika Steamboat Willie, katuni fupi ya 1928, ni mtukutu, anavuta mikia ya vitoto vya nguruwe ili vilie kwa mpangilio wa muziki. Umaarufu ulipomkuta akalainishwa, na hasira na ukorofi akaachiwa Donald Duck, aliyeingia 1934.