Kabla ya kuilaumu mashine, hesabu kwa mkono

Wiki ya kwanza ya muhula wanafunzi wangu wa uandishi wa habari, katika kozi ya jinsia na algoriti (kanuni ambazo kompyuta huzifuata kufanya maamuzi), hawagusi kompyuta. Nawagawia habari 30 za siku moja zilizochapwa kwenye karatasi, wanakaa wawiliwawili, wanahesabu. Nani kanukuliwa? Kanukuliwa kama nani? Nani katajwa tu bila kuulizwa neno?

Wanaichukulia kazi nyepesi. Haichukui muda darasa linachemka. Mama aliyepigwa picha akilia, lakini hakunukuliwa popote, anaingia safu gani? Mhandisi aliyetambulishwa kama "mke wa marehemu" aandikwe mhandisi au mke? Na msemaji ambaye habari haionyeshi kama ni mwanamke au mwanamume? Wanabishana, wanafuta, wanaandika upya, na mimi nawaacha. Walikuja wakiamini takwimu huokotwa kama kokoto njiani. Sasa wanaona kwamba kila safu ya jedwali kuna mtu aliyeiamua, na mtu huyo ana mahali alipokaa anapotazama dunia. Donna Haraway, msomi wa Marekani wa masuala ya sayansi na jinsia, aliijenga hoja hiyo mwaka 1988: hakuna maarifa yanayotoka pasipo mahali. Zamani nilianza na maandishi yake, nikaona yanawapita. Yakija baada ya ubishi wa safu, wanayasoma kwa njaa.

Hapo ndipo ninapowaonyesha hesabu ya dunia nzima. Tangu 1995, kila baada ya miaka mitano au karibu hivyo, mradi wa kufuatilia vyombo vya habari duniani, GMMP (Global Media Monitoring Project), huhesabu watu wanaosikika na kuonekana katika habari za nchi nyingi. Mwaka ule wa kwanza wanawake walikuwa asilimia 17. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Miaka 25, nyongeza ya pointi nane.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, hayo ni mambo ya wahariri. Algoriti inahusikaje?" Ni swali zuri, na kozi yangu yote imesimama juu yake. Mashine hujifunza lugha kwa kusoma maandishi tuliyokwisha kuyaandika. Mwaka 2016 watafiti waliuchunguza mfumo uliojifunza uhusiano wa maneno kutoka kwenye makala za Google News. Waliupa fumbo: ikiwa mwanamume ni mtayarishaji wa programu za kompyuta, mwanamke ni nani? Ukajibu: mama wa nyumbani. Mfumo ule haukusomeshwa matusi ya mitandaoni. Ulisomeshwa habari, kazi ya watu wa fani yetu.

Kiswahili kinatupa jaribio ambalo wenzetu wengi hawana. "Yeye" wetu hana jinsia. Nawaambia wanafunzi waandike "yeye ni daktari", "yeye ni muuguzi", "yeye ni mhandisi", kisha waipe programu ya tafsiri iyapeleke Kiingereza, lugha inayodai uchague. Inachagua nini? Utafiti mmoja uliifanyia Google Translate jaribio la aina hii kwa lugha 12 zenye viwakilishi visivyo na jinsia, Kiswahili kikiwamo, ukakuta inaegemea mno upande wa kiume, hasa katika kazi za sayansi na teknolojia. Sentensi yetu haikusema mwanamume. Mashine imejaza pengo kwa mazoea ya maandishi iliyoyasoma, na msomaji wa upande wa pili hatajua kwamba pengo lilikuwapo.

Sipendi kozi zinazoishia kwenye mbinu za "kusafisha" mfumo, kana kwamba upendeleo ni vumbi. Tatizo mara nyingi ni kile ambacho hakikuwahi kuandikwa. Mfano ninaoukalia wiki mbili nzima ni wa María Salguero, mtaalamu wa jiofizikia wa Mexico. Tangu 2016 amekuwa akiweka kwenye ramani mauaji ya wanawake nchini mwake, akikusanya kutoka habari za magazeti: jina, umri, mahali, uhusiano wa marehemu na muuaji pale unapojulikana. Kazi ambayo ingekuwa ya serikali aliibeba mtu mmoja. Lakini tazama chanzo chake kilivyo. Mwanamke ambaye kifo chake hakikumvutia mwandishi yeyote hana njia ya kufika kwenye ramani, hata aliyeichora awe makini kiasi gani. Kwa hiyo mwanafunzi anayejifunza uandishi wa habari leo anazalisha data, ajue asijue, na mtu fulani ataitegemea.

Swali la wanawake gani lazima nalo liulizwe. Kimberlé Crenshaw, msomi wa sheria wa Marekani, alionyesha mwaka 1989 kwamba ukitazama rangi peke yake au jinsia peke yake, mwanamke Mweusi anapotea katikati. Mwaka 2018 watafiti wa kompyuta Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua jinsia kwa sura: kwa wanaume weupe kiwango cha makosa hakikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kilifika hadi asilimia 34.7. Wastani wa jumla ungeificha tofauti hiyo.

Mwisho wa muhula nawarudishia karatasi zilezile 30 wahesabu tena, safari hii kwa safu walizozibuni wenyewe. Mara ya mwisho kundi moja liliongeza safu ya "aliyestahili kuulizwa". Kwenye habari ya wodi ya wazazi waliandika mkunga, muuguzi wa zamu, mama mwenyewe, mfanya usafi. Walionukuliwa katika habari hiyo walikuwa wawili, mkurugenzi na waziri.