Witch hazel: ya kupaka au ya kunywa?

Swali: Hii witch hazel iliyoandikwa kwenye toner, yale maji ya kupaka usoni, ni kitu gani?

Ni kichaka cha mashariki ya Amerika Kaskazini, kitaalamu Hamamelis virginiana, kina vituko vyake kwa kweli, kinatoa maua ya njano mwezi wa kumi na wa kumi na moja wakati miti mingine inapukutisha majani, na matunda yake yakikauka yanapasuka yanarusha mbegu mita kadhaa.

Swali: Wenyeji wa kule waliitumiaje?

Wamenominee walichemsha vijiti vyake, yale maji wanajisugua miguuni wakati wa michezo ili viungo visikaze. Wapotawatomi wao waliweka vijiti juu ya mawe ya moto kwenye kibanda cha mvuke, wanakaa humo jasho linawatoka mpaka misuli iache kuuma. Hii ya chupani ilikuja baadaye, miaka ya 1840 Theron Pond wa jimbo la New York alianza kuuza dawa aliyojifunza kwa Waoneida, kabila jingine la wenyeji, biashara ikakua mpaka leo.

Swali: Inafanyaje kazi?

Gome na majani yana tanini, ile inayokukaza mdomo ukila bibo. Kwenye ngozi inabana, inapunguza majimaji na muwasho. Sasa hapa ndo watu wanachanganya: maji ya dukani mengi yamekenekwa kwa mvuke, tanini inabaki kidogo sana, halafu yanaongezewa alkoholi kama asilimia 14 hivi, kwa hiyo kama ngozi yako ni kavu na unajipaka kila siku eti unatibu chunusi, unajikausha tu.

Swali: Na bawasiri je?

Hapo inasaidia kiasi. Marekani FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, wanairuhusu kwa kupaka nje, mpaka mara 6 kwa siku, unaosha, unakausha taratibu, unapaka kwa pamba. Usiingize ndani. Inapunguza kuwasha na kuungua, kuondoa bawasiri yenyewe hapana, na ukiona damu au siku 7 zimepita bila nafuu nenda hospitali, maana kutokwa damu huko nyuma sio lazima iwe bawasiri.

Swali: Kuna mtu kaniambia ninywe kijiko asubuhi.

Usinywe. Ile chupa ni ya kupaka, na hata chai ya gome lenyewe tanini yake ikizidi inavuruga tumbo. Mtoto akiinywa, mpeleke hospitali na chupa yake.