Maana ya Kuchanganua Chaguo za Mstari wa Amri kwa Namna Inayohamishika katika C

Mtumiaji anapoandika jina la programu na kulifuatisha na chaguo kama vile -v, au -o pamoja na jina la faili, maneno hayo huifikia fanksheni ya main yakiwa ndani ya safu iitwayo argv, na idadi yake ikiwa katika argc. Kuyachanganua ni kubaini lipi ni chaguo, lipi ni thamani ya chaguo na lipi ni hoja ya kawaida. Uchanganuzi huo unahamishika pale ambapo mstari uleule unapata tafsiri ileile kwenye Linux, macOS na Windows, bila msimbo kuandikwa upya.

Kiwango cha lugha ya C kinaishia kwenye argc na argv. Fanksheni ya getopt, ambayo wengi huidhania kuwa sehemu ya C, ni ya POSIX, yaani kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix, na hutangazwa katika faili la unistd.h, ambalo kompaila ya Microsoft haina. Kasoro hiyo hugunduliwa mapema, kwa kuwa programu haikompailiki kabisa.

Zinazostahili kuogopwa zaidi ni tofauti zisizotoa onyo. Mtumiaji akitanguliza jina la faili kisha akaandika -v, getopt ya glibc, maktaba ya C inayotumika kwenye Linux nyingi, kwa kawaida huipanga upya argv na kuitambua -v, ilhali ile ya macOS husimama kwenye jina la faili, na -v ikahesabiwa kuwa faili jingine. Vilevile, getopt hurejesha thamani ya aina ya int (namba kamili), ambayo huwa -1 chaguo zinapokwisha; mwandishi akiihifadhi katika char (aina ndogo ya baiti moja), programu itafanya kazi vizuri kwenye Linux ya prosesa za x86, lakini kwenye Linux ya prosesa za ARM, ambako char haibebi namba hasi, -1 hugeuka 255 na kitanzi kinachosoma chaguo hakikomi.

Kwa maoni yangu, njia salama ni kubeba kichanganuzi kidogo ndani ya msimbo wa mradi wenyewe na kukipa jina lisilogongana na la mfumo. Hata hivyo, hakitatatua kila jambo: sheli za Unix, yaani programu zinazopokea amri za mtumiaji, hupanua *.txt kuwa orodha ya majina kabla programu haijaanza, ilhali cmd, sheli ya Windows, hukiacha kinyota kilivyo, hivyo kazi ya kutafuta majina hayo inabaki kwa programu.