Je, wajua? Kwa nini tiketi za bure hazijazi ukumbi wa kikapu chuoni

Watu wakiona viti vitupu kwenye mechi ya mpira wa kikapu ya chuo huko Marekani, jibu huwa moja: shusheni bei, wanafunzi waingie bure, ukumbi utajaa. Lakini katika vyuo vingi mwanafunzi anaingia bure tayari, au ameshalipia kiingilio ndani ya ada yake, na viti bado viko vitupu. Wakati huohuo, pale Durham, North Carolina, wanafunzi wa chuo cha Duke hulala kwenye mahema kwa wiki kadhaa, katikati ya baridi ya Januari na Februari, ili wapate nafasi ya kuitazama mechi moja dhidi ya chuo jirani cha North Carolina. Na wao pia hawalipi tiketi. Bei ni ileile, sifuri, ila huku watu wanakesha nje na kule hawatokei kabisa.

Tiketi isiyo na gharama haina gharama hata ukiitupa. Mwanafunzi anaichukua Jumatatu kwenye simu kwa kubofya mara mbili. Jumatano jioni mvua inanyesha, ana jaribio kesho yake, habanduki chumbani. Kiti chake kinahesabika kimechukuliwa, kwa hiyo mwenzake aliyetaka kuja ameambiwa tiketi zimekwisha. Hapo tiketi ya bure imefukuza mtu badala ya kumleta.

Tatizo hili hufichwa na namna mahudhurio yanavyohesabiwa. Idadi inayotangazwa ukumbini, mara nyingi, ni ya tiketi zilizouzwa na kugawiwa. Idadi ya waliopita mlangoni ni nyingine, nayo aghalabu ni ndogo zaidi. Anayetaka kurekebisha mahudhurio ya chuo chake aanze kwa kuomba takwimu za mlangoni, mechi kwa mechi, wanafunzi wakiwa safu yao na wanunuzi safu yao. Bila hizo atakuwa anatibu ugonjwa asioujua.

Wengine husema dawa ni ushindi tu. Ushindi una nguvu, hilo halina ubishi, na nyota mmoja anaweza kufanya maajabu: tarehe 15 Oktoba 2023 mashabiki 55,646 walifika kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa chuo cha Iowa kumtazama Caitlin Clark na wenzake wakicheza mechi ya kirafiki ya kikapu dhidi ya chuo cha DePaul. Ila hakuna ofisi ya chuo inayoweza kuagiza nyota kama huyo. Kinachoweza kupangwa ni mambo mawili: watu waliopo wanakaa wapi, na tiketi inapatikanaje.

Fikiria stendi. Abiria anafika anakuta daladala mbili za njia moja, nauli moja. Moja ina watu watatu, nyingine imebakiza siti mbili. Ataingia hiyo ya pili hata kama atabanwa, kwa sababu ndiyo inayoonekana kuondoka. Watu waliomo ndani ndio tangazo lake. Ndiyo maana Haisi ndogo hujaa na kuondoka ilhali basi kubwa bado linapigiwa debe, ingawa abiria wanatoka stendi ileile. Ndiyo maana pia wapiga debe huwaketisha vijana wao kwenye siti za mbele, zinazoonekana dirishani, wala si kule nyuma. Na hila hiyo ina mwisho wake: wale vijana wakishuka, abiria halisi hubaki wakingoja kwa hasira, na kesho hawaamini tena.

Ukumbi wa kikapu unafuata mkondo huohuo. Watu 6,000 ndani ya ukumbi wa viti 15,000 wanaonekana wachache. Wapeleke watu haohao Spokane, jimbo la Washington, kwenye McCarthey Athletic Center ya chuo cha Gonzaga, na hapatabaki pa kutia mguu: ukumbi huo uliofunguliwa 2004 una viti 6,000 tu. Gonzaga imecheza fainali ya taifa 2017 na 2021, na bado nyumbani kwake ni hapo. Cameron Indoor Stadium ya Duke, iliyofunguliwa 1940, inachukua watu 9,314, na wanafunzi wako chini kabisa, pembeni mwa mstari wa uwanja. Udogo wa kumbi hizi ni sehemu ya nguvu yake, maana kila mtu anajua kiti kinaweza kukosekana.

Chuo chenye ukumbi mkubwa hakiwezi kuubomoa, ila kinaweza kuupunguza. Jukwaa la juu lifunikwe kwa pazia jeusi kwenye mechi za kawaida, tiketi za chini ziuzwe zote kwanza, ndipo pazia lifunguliwe kipande kwa kipande. Timu ya chuo cha Syracuse, inayocheza ndani ya uwanja wa futiboli wenye kuba, hutandika sakafu ya kikapu upande mmoja na kutenga sehemu iliyobaki kwa pazia. Siku ya mechi kubwa nafasi huongezwa, na tarehe 1 Februari 2014 waliingia watu 35,446 kuitazama ikicheza na Duke.

Wanafunzi wawekwe wapi? Sehemu mbili. Ya kwanza ni upande unaotazamana na kamera kuu ya televisheni, safu za chini, kutoka mstari wa katikati kwenda pande zote mbili. Hao ndio dirisha la daladala: mwanafunzi aliyebaki bwenini akitazama mechi atawaona wenzake wamejaa. Ya pili ni nyuma ya kikapu ambacho wageni watakishambulia kipindi cha pili. Wasipewe viti vya kukunja wala siti pana. Benchi au sakafu ya kusimama inabana watu, na watu waliobanana hushangilia kwa sauti moja.

Ugumu ni kwamba viti hivyo vya chini vina wenyewe. Ni wachangiaji wakubwa wa chuo, wengi wamekuwa na siti zao kwa miaka mingi, na hukaa kimya. Zamani asilimia 80 ya mchango unaotolewa ili kupata haki ya kununua siti iliweza kuondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Sheria ya kodi ya Marekani ya 2017 ilifuta nafuu hiyo kuanzia 2018. Kumhamisha mchangiaji kwa barua ni kumpoteza. Njia yenye amani ni kungoja siti inayoachwa, kuigeuza ya wanafunzi papo hapo, na kuwapa wanaokubali kuhama kwa hiari maegesho ya karibu na mlango.

Sasa tiketi. Tuseme sehemu ya wanafunzi ina nafasi 2,000 na takwimu za mlangoni zinaonyesha asilimia 30 ya waliochukua tiketi hawafiki. Kihesabu ungegawa tiketi 2,850 hivi. Usifanye hivyo, kwa sababu siku mpinzani mkubwa anakuja karibu wote watatokea na utawafungia nje mamia ya watu wenye tiketi halali. Anza na 2,400 kwa mechi za kawaida na 2,000 kwa mechi kubwa. Ruhusu kurudisha tiketi hadi saa 6 mchana siku ya mechi bila adhabu. Asiyerudisha na asitokee apunguziwe pointi za mahudhurio, zile anazopata kila akija kwenye mechi. Dakika 10 kabla ya mpira kurushwa, nafasi zilizobaki zifunguliwe kwa foleni ya wasio na tiketi, na mlango ukishatangaza hivyo usirudi nyuma hata mara moja.

Pointi ndizo zinazounganisha mechi dhaifu ya Novemba na mechi kubwa ya Februari. Aliyehudhuria zile za mwanzo anatangulia kuchagua. Kasoro inajulikana: mwanafunzi anaskani tiketi, anapata pointi, anaondoka. Iskaniwe tena baada ya mapumziko, au pointi zitolewe dakika tano za mwisho. Kwa picha za tiketi zinazotumwa kwa marafiki, tumia msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde chache. Na kwa kuwa maelfu ya simu mlangoni huielemea intaneti, wanafunzi waambiwe wahifadhi tiketi kwenye simu kabla hawajatoka bwenini.

Mlango wenyewe huua mahudhurio kimyakimya. Ukaguzi ukichukua sekunde 6 kwa mtu, mstari mmoja hupitisha watu 300 kwa nusu saa. Wanafunzi 2,000 wakija nusu saa ya mwisho, kama ilivyo desturi yao, wanahitaji mistari 7. Ukiwapa mitatu, zaidi ya nusu watakosa mwanzo, na wengine watageuza. Zawadi nazo zina mahali pake: fulana iwekwe juu ya kiti, isigawiwe mlangoni, maana ya mlangoni huchukuliwa na mtu akarudi zake.

Huko Duke foleni ndiyo imekuwa sherehe. Kambi ya Krzyzewskiville, iliyopewa jina la Mike Krzyzewski, aliyekuwa kocha wa timu, ilianza 1986. Hema moja lina watu wasiozidi 12, idadi ya wanaopaswa kulala humo hutegemea daraja la hema, na wasimamizi hupita kukagua hata usiku wa manane. Chuo kidogo cha Taylor, pale Upland, Indiana, hakina timu ya televisheni, lakini kila Desemba kabla ya mitihani wanafunzi hujaa wakiwa na mavazi ya vituko, wanakaa kimya kabisa mpaka timu yao ifikishe pointi ya 10, kisha ukumbi mzima unalipuka. Mtu haendi tu kutazama. Anahitajika ili jambo lenyewe litokee. Chuo cha Arizona State tangu 2013 hufungua pazia nyuma ya kikapu wakati mgeni anarusha mitupo huru, ile anayopewa mchezaji aliyechezewa faulo, na nyuma yake kuna kituko. Januari 2016 aliyetokea alikuwa muogeleaji Michael Phelps akiwa na chupi ya kuogelea. Kama vituko hivi hupunguza pointi za mgeni ni vigumu kuthibitisha, kwa kuwa mitupo huru ya mechi moja ni michache mno kupimia. Kwamba huleta watu, hilo linaonekana.

Umbali nao haudanganyi. Timu ya Connecticut, ambayo Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliichezea kuanzia 2006 hadi 2009, ina nyumba mbili: Gampel Pavilion ndani ya chuo pale Storrs, na ukumbi mkubwa zaidi mjini Hartford, kilomita 40 hivi kutoka hapo. Storrs mwanafunzi anatembea kwa miguu. Hartford lazima apande basi, kwa hiyo jioni yote imekwenda. Chuo chenye hali hiyo kisipime mechi za pande mbili kwa kipimo kimoja, na mabasi ya kurudi yaanze kuondoka kipenga cha mwisho kinapolia.

Likizo ya kuanzia katikati ya Desemba hadi Januari huondoa karibu wanafunzi wote, na mechi kadhaa za nyumbani huangukia humo. Hapo siti zao zigeuzwe za familia. Kabla ya likizo, timu nyingi za wanawake hucheza mechi moja saa 5 asubuhi siku ya kazi kwa ajili ya shule za msingi. Saa hiyo ina sababu: mechi huchukua kama saa mbili, na mabasi ya shule yanatakiwa kuwa huru kabla ya mzunguko wa kurudisha watoto alasiri. Ukianza saa 7 mchana watoto wataondoka wakati wa mapumziko. Chakula kiagizwe mapema kikiwa kimefungashwa, kwa sababu madirisha ya kuuzia hayawezi kuhudumia watoto maelfu kwa mapumziko ya dakika 15. Kila mtoto aondoke na tiketi ya mechi ya Jumapili, halali akija na mtu mzima aliyelipa, yenye msimbo wa shule yake, ili ofisi ijue ni shule zipi zimerudi na zipi za kupigiwa simu.