Ngitili na ile hesabu ya ardhi ambayo hatuiandiki popote

Ukimuuliza mtu ardhi yake ina thamani gani atakutajia bei ya kuuzia, ekari laki kadhaa, kiwanja cha barabarani milioni kadhaa, basi mazungumzo yameisha. Sisi tunaofanya kazi ya hifadhi ya ardhi tunakutana na hili kila tukienda vijijini na hata kwenye vikao vya bajeti, hela ya ardhi inahesabiwa siku inapouzwa tu, ila kuni, majani ya ng'ombe, asali, dawa za miti, maji ya kisima na ile rutuba inayofanya gunia lijae tunavichukua kila siku bila risiti kwa hiyo tunaviona vya bure. Leo nataka tuvihesabu hivyo vya bure, na kwa Tanzania sijui sehemu inayofundisha hili vizuri kama Shinyanga.

Ile Shinyanga ya zamani kabla haijagawanywa, pamoja na Maswa, Bariadi na Meatu ambazo sa hivi ziko Simiyu, ilikuwa nchi ya miti na vichaka. Wakati wa ukoloni miti ikafyekwa maeneo makubwa ili kuua mbung'o, alafu ikaja pamba na mashamba yakatanuka, ng'ombe wakaongezeka, kuni na mkaa navyo vinataka miti, na miaka ya 70 watu wakahamishiwa vijiji vya pamoja wakaacha maeneo yao ya malisho waliyokuwa wanayatunza wenyewe tangu enzi za babu zao. Ilifika mahali Mwalimu Nyerere akaiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Akina mama walikuwa wanatembea masaa kutafuta kuni na wengine wanapikia kinyesi cha ng'ombe kikavu, yaani mbolea ya shamba ndo inachomwa jikoni, na hapo ndo ujue ardhi imeshaanza kula mtaji wake.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni kulikuwa na kazi kubwa ya vitalu na kugawa miche, mingine ya miti ya kigeni, lakini kilichokuja kubadilisha mambo ni kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho tayari, ngitili. Kama hujawahi kuisikia, ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe hawaingii, majani yanakua yanakomaa na miti inachipua, alafu kiangazi kikishakaza kule kwingine kote kumekauka ndo linafunguliwa kidogo kidogo. Ni akiba, kama stoo ya chakula cha mifugo iliyosimama shambani. Ziko ngitili za familia na ziko za kijiji, na sheria zake zilisimamiwa kwa utaratibu wa watu wenyewe, dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, inakaa inapanga faini na sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, wanalinda, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuajiri askari wa kulinda kila kichaka.

Mwaka 1986 zilikuwa zimebaki kama hekta 600 tu za ngitili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000 kwenye vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Sehemu kubwa ya hiyo miti haikupandwa na mtu, visiki na mizizi vilikuwa hai chini vinangoja tu kupumzishwa. Mimi hili huwa nalirudia sana kwa sababu kampeni zetu nyingi zinahesabu miche iliyopandwa na hakuna anayerudi kuhesabu iliyopona.

Sasa tuje kwenye hela. Wachumi walipokwenda kupiga hesabu ya vitu vinavyotoka ngitili, walipata thamani ya kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania kipindi hicho yalikuwa kama dola 8.50 kwa mwezi. Isome tena taratibu. Kichaka kilichofungwa kilikuwa kinampa mtu thamani kubwa kuliko matumizi yake yote ya mwezi kama yalivyokuwa yanaandikwa kwenye takwimu, na inawezekana kwa sababu vingi vya hivyo vitu havipiti sokoni, vinaliwa na kutumika nyumbani, ukichota uyoga hakuna anayeandika, ukikata fito za kujengea au nyasi za kuezekea hakuna anayeandika. Walichouza kilisaidia pia, kuna watu walilipa ada za shule na matibabu kwa hela ya asali na nguzo, lakini kikubwa zaidi ni hela ambayo hawakulazimika kuitoa mfukoni. Na muda. Kuni zikisogea karibu na nyumba mama anapata masaa yake, anapalilia kwa wakati, mtoto wa kike hakosi shule kwa ajili ya mzigo wa kuni. Kitabu cha mapato ya halmashauri hakina safu ya kuandika hilo.

Upande wa shamba nako kuna hesabu ndogo ambayo nawaomba muifanye. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Ukipoteza udongo wa unene wa milimita moja tu, pungufu ya unene wa sarafu, hizo ni mita za ujazo 4, ukipima ni karibu tani 5, lori dogo limejaa. Kwenye mteremko uliolimwa matuta yakifuata maji yanakoelekea, mvua chache kubwa zinatosha kuondoka nao na wala jicho halioni tofauti. Na unaoondoka ni ule wa juu wenye mboji, ambao ardhi ikiachwa yenyewe inahitaji miaka mingi sana kuutengeneza upya. Alafu msimu ujao mtu ananunua mfuko wa mbolea anauweka kwenye udongo usio na mboji, hasa ule wa kichanga ambao Wasukuma wanauita luseni, maji yanapita yanashuka nayo chini, hela imekwenda na mahindi yamebaki ya njano. Watu wanasema mbolea ni feki, na kweli feki zipo, lakini mara nyingi shida ni kwamba udongo umeshachoka hauwezi kushika kile ulichoupa.

Sio kila njia ya kuponya ardhi ina faida sawa na hapa wataalamu tuwe wakweli. Kondoa, mkoani Dodoma, kulikuwa na mmomonyoko wa kutisha, makorongo yanameza mashamba, serikali ikaanzisha HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973 na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kutoka kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ardhi ilipona, nyasi na miti vikarudi, hilo halina ubishi. Ila familia zilipoteza maziwa, samadi na akiba yao ya mifugo kwa siku moja, ikabidi miaka ya baadaye watu waruhusiwe kufuga ng'ombe wa ndani wanaoletewa majani. Kwa hiyo ukiweka Kondoa na Shinyanga mezani unaona kwamba ardhi imepona kote, ila gharama aliyoibeba mwananchi haifanani hata kidogo.

Kuna swali huwa naulizwa, kama faida inakwenda kwa watu wa mbali mkulima ajitaabishe kwa nini? Ni swali la haki. Majirani zetu Kenya walilijibu kwa vitendo, Nairobi inapata karibu asilimia 95 ya maji yake kutoka maeneo ya juu ya mto Tana, udongo wa mashamba ya kule ukishuka unajaza mabwawa na kuongeza gharama ya kusafisha maji, ndo mwaka 2015 ukaanzishwa mfuko wa maji ambao watumiaji wakubwa wa mjini wanachangia, wakulima wa milimani wanasaidiwa kutengeneza matuta ya kontua, yale yanayokatiza mteremko, kupanda majani ya mabingobingo kingoni na kuchimba mabwawa madogo ya kuvuna maji. Makadirio yao yalikuwa kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa zitaleta faida ya dola milioni 21.5 ndani ya miaka 30. Nafikiri miji yetu inayokunywa maji ya Ruvu na Wami ina la kujifunza hapo.

Nirudi Shinyanga maana sitaki mtu aondoke anadhani mambo yalinyooka tu. HASHI iliisha 2004 na ngitili zimeendelea kupata shinikizo, watu wameongezeka, mashamba ya urithi yanagawanywa vipande vidogo, mkaa unalipa haraka. Alafu mwenye ardhi kubwa ndo mwenye ngitili kubwa ya familia, yule asiye na ardhi anategemea ya kijiji, kwa hiyo ya kijiji ikimegwa na wachache ni yeye anayeanza kuumia na sauti yake kwenye mkutano huwa ndogo.

Ndo maana kwa kijiji chenye eneo lililochoka ambalo mnafikiria kulipumzisha, naweka karatasi mbele ya jembe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji, tumieni hilo, lipimeni eneo, mliingize kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, andikeni sheria ndogo inayosema linafungwa lini, linafunguliwa lini, nani anaruhusiwa kukata nini na faini ni shilingi ngapi, mkutano mkuu wa kijiji uijadili na asiye na ng'ombe naye aulizwe anataka nini humo, kisha ipelekwe halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe. Na kabla hamjafunga, mtu mmoja ashike daftari aandike leo mzigo wa kuni unafuatwa umbali gani na kisima kinakauka mwezi gani, ili baada ya miaka mitatu muwe na namba zenu wenyewe za kulinganisha.